Mkanda wa Dereva

Kapteni aliketi kwenye usukani wa gari lake jipya lililotoka bandarini, akajifunga mkanda aliokuwa ameniomba niutengeneze humu gerejini mwangu.

"Unaona, muzee? Zamani tulikuwa tunakalia kiti tu. Hii iko na mikanda, iko na mifuko ya hewa. Na gari za kesho zitasimama zenyewe zikiona mutu mbele!"

"Hata dereva asipotaka?"

"Hata asipotaka."

Nilimkumbuka mwanangu Shakuru, mwanzoni mwa vita, amesimama barabarani kule mtaani Ngagara, mikono juu, na pikapu ikiongeza mwendo badala ya kupunguza. Dereva wa pikapu ile nilimwona vizuri. Sasa alikuwa mbele yangu, akinichekea.

"Ungekuwa na gari la namna hiyo siku ile Ngagara," nikasema, "Shakuru wangu angekuwa hai."

Kicheko kikakatika. Akabonyeza kifungio, kikagoma kufunguka, kisha akajirusha mbele kwa nguvu. Mkanda ukamkaza kifuani, kama ulivyoundwa kufanya.

"Muzee, fungua. Ile ilikuwa vita."

Kifungio kile nilikuwa nimekitengeneza kifunguke kwa bisibisi tu. Nikaitia bisibisi mfukoni, nikashusha mlango wa chuma wa gereji, tukabaki wawili ndani.