Chachu ya Jana

Daktari alikataa kumwandikisha Bi Tunu kwenye majaribio ya dawa ya ugonjwa wa kusahau mpaka mwenyewe aelewe na akubali. Binti yake, Salha, aliomba kimoyomoyo, kisha akajaribu kumweleza.

"Mama, ubongo hutengeneza kitu cha kujilinda. Chako kimepungua, tunataka kukuongezea."

Bi Tunu, aliyepika vitumbua miaka arobaini, alikunja uso. "Kama chachu? Unabakiza ya jana, unaitia kwenye unga wa leo?"

"Hasa!"

"Na kama ya jana imeshakufa, mwanangu?"

Daktari aliweka kalamu chini. "Hilo hatujui, mama. Ndilo tunalolitafuta."

"Basi tutafute wote." Alivua mtandio tayari kupimwa, akampa Salha kama anayempa mgeni. "Nishikie, dada."

Salha aliupokea kwa mikono miwili. Ulikuwa na joto bado.