Miaka ya Maurine

"Uma hiki, usitikisike," Daktari Okoth alisema, kisha akatoka na kufunga mlango.

Maurine akauma. Hakuwa na jino linalouma. Alikuwa amepata kazi ya kushona Kariobangi, akaambiwa kwanza alete kitambulisho. Na kitambulisho hakitoki bila cheti cha kuzaliwa, ambacho hakuwahi kuwa nacho. Faili ya makao ya watoto ya Lucky Summer, alikolelewa, ilisema ana miaka kumi na saba, na kitambulisho hakitolewi chini ya kumi na minane. Ndipo akatumwa apigwe picha ya meno, umri wake ukadiriwe upya.

"Umekuja na nani?" daktari akauliza aliporudi, macho kwenye kompyuta.

"Peke yangu."

Alikuwa hivyo siku zote. Aliokotwa sokoni Kariobangi, amekonda kama ukuti, homa imemfunga ulimi hata akakaa mwaka mzima bila kusema. Wenzake makaoni walitembelewa Jumapili na shangazi, na nyanya, hata na majirani. Yeye, kwa alivyojua, hakuna aliyewahi kumuulizia. Alipong'oka meno ya mbele akiwa na miaka minne, watoto walimwita Nyanya. Jina hilo alilipenda. Nyanya huwa na watu wake.

"Jino la mwisho hili, mizizi imeshafunga," daktari alisema. "Chati za ng'ambo zingekupa ishirini na mmoja. Lakini watu wetu huwahi kuota meno haya, kwa hivyo naandika kumi na tisa. Chini ya hapo haiwezekani."

Maurine akacheka. Miaka miwili, hivi hivi tu! Sasa kazi ilikuwa yake, na chumba cha kupanga. Alitamani kumwambia mtu. Hakuwa na mwingine ila Mama Nthoki, mlezi mkuu wa makao, akamwendea.

Alimkuta akichambua sukuma wiki. Mama Nthoki akavaa miwani, akaisoma barua, akairudia.

"Ulipoletwa, ni mimi niliyekukadiria," alisema taratibu. "Nilikubeba, nikaona u mwepesi. Nikaandika miaka miwili."

"Si neno, Mama. Ni karatasi tu."

Mama Nthoki hakumtazama.

"Wiki ile ile alikuja mama mmoja. Akarudi Jumamosi nne mfululizo. Alikuwa amepotezana na bintiye pale pale sokoni, mtoto wa miaka minne. Nikamwambia tuliyeletewa sisi ana miwili, na sikumruhusu hata achungulie."