Turubai la Mita Mbili

Siku hizi kivuli hugawiwa kwa vichwa: mita moja kwa kila mtu wa nyumba. Bi Ruzuna alichagua turubai la kukunjuka la mita mbili, lifunike baraza lote.

"Mko wangapi, mama?" fundi aliuliza.

"Wawili, mimi na mume wangu."

Hakutaja kwamba arobaini ya Mzee Shaweji ilisomwa juzi.

Alasiri akatandika mkeka, akamimina kahawa vikombe viwili kama walivyozoea, akabonyeza kitufe. Turubai likajikunjua taratibu, likafunika upande wake, likasimama katikati ya mkeka. Akabonyeza tena. Halikusogea.

Nani amelipasha habari?

Akakivuta kikombe cha Shaweji kivulini, kisha yeye akahamia juani.