Funguo za Vyumba Tulivyohama

"Ondoa neno 'lazima', Bi Rukia. Tuandike 'hiari', tupitishe twende zetu," alisema mwenyekiti Mbaraka kwa upole, akimsogezea kalamu.

Rukia hakuishika. Miaka kumi na minane alikuwa akiandika programu kwa lugha ya kompyuta iliyotungwa na watu hawa watano waliokuwa mezani. Pendekezo lake lilikuwa moja: programu ikishaachia sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta, lugha yenyewe iizuie kurudi kuisoma.

"Fundi mzuri hashikwi mkono," alisema Kombo, mmoja wa hao watano. "Anakumbuka alichoachia."

"Mimi ni fundi mzuri, Kombo, na nilisahau. Programu yangu ikarudi kusoma sehemu iliyokwisha kuiachia, na skrini ya hospitali ikaonyesha jina la mgonjwa aliyekwisha kuondoka, juu ya kitanda cha mtoto. Muuguzi ndiye aliyeizuia sindano isimfikie mtoto. Aliponipigia simu, aliniuliza kwanza kama nimeketi."

Rukia aliwageukia wote watano.

"Neno siliondoi. Mkitaka kukataa, kataeni pendekezo lote. Ila niambieni kwanza, nani hapa bado ana ufunguo wa chumba alichohama?"

Kombo alicheka, akapapasa mfuko, akaacha kucheka. Aliweka ufunguo mezani. Wa pili ukafuata, kisha wa tatu.

Mbaraka naye alikuwa ameingiza mkono mfukoni, na hakuutoa. Kwa mkono wa pili aliivuta kalamu polepole, akairudisha upande wake, neno 'lazima' likabaki lilivyo.