Mahakama ya Sebuleni

"Mahakama Kuu ya Rufaa inaamuru: mwombaji Nabintu ampe bintiye andazi la pili."

Sauti ilitoka chini ya meza, alikojificha binti mwenyewe, Nsimire. Mahakama halisi ilikuwa ukutani, kisanduku kinachotundikwa katika kila nyumba iliyonyimwa hifadhi ya ukimbizi, kisikilize rufaa yao. Tangu kitundikwe, mama aliongea Kiswahili cha taarifa ya habari hata na sufuria, kwa heshima. Nacho kikashikilia kwamba hakutoka Bukavu, Kongo, kama alivyodai. Kesho wangefukuzwa nchini.

Mama akasahau heshima. "We mutoto, kuya hapa. Unachezea mahakama juu ya nini?"

Kisanduku kikawaka kijani. "Lafudhi ya Bukavu imetambuliwa. Rufaa imekubaliwa." Kisha kikauliza: "Nani ameiga sauti yetu?"

Nsimire akachungulia. "Ni miye, Mheshimiwa. Na andazi nimeshakula."