Matawi Barabarani

Ukungu wa asubuhi ulikuwa mzito. Katikati ya barabara mtu alikuwa ametupa matawi mabichi.

"Mwanangu, matawi hayo! Mbele kuna hatari," alisema Bi Nambua, abiria.

"Ramani inaonyesha njia nyeupe, mama."

Shebughe, dereva wa bodaboda, aligusa kifaa cha kuonyesha njia alichokinunua juzi na kukifunga kwenye usukani. Alishawatambia wenzake kijiweni kwamba yeye haulizi njia tena. Akayakwepa matawi.

Ghafla akakanyaga breki. Tairi la mbele likasimama ukingoni. Daraja halikuwepo, mto ulikuwa ukinguruma chini.

"Endelea mbele," kifaa kikasema.

Ng'ambo, taa ya pikipiki nyingine ikatokeza ukunguni. Shebughe akapiga honi, akapiga mayowe. Mngurumo wa mto ukavimeza vyote. Taa ikazidi kukaribia.