Chupa Isiyofunguliwa

Kesho yake alfajiri Nikanori angebatizwa mtoni, na baba yake alikwisha kumwambia kwamba akitoka majini asirudi nyumbani. Ndiyo maana jioni ile alimwendea Mama Tirza, ajuza aliyekwenda kaburini kwa Bwana na wanawake wenzake asubuhi ile ya kwanza.

"Mama, ulimwona Bwana akitoka kaburini?"

"Hapana, mwanangu. Hilo sikuliona."

Waumini waliojaa chumbani wakatazamana. Mmoja akamwinamia ajuza, akamnong'oneza aseme basi kwamba aliona mwanga.

"Mwanga sikuuona," Mama Tirza akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Nilikuta kaburi tupu, nikakimbia kwa hofu. Yeye tulikutana naye njiani. Nilimshika miguu. Ilikuwa na joto na vumbi, kama ya mtu yeyote aliyetoka kutembea."

 Baba yake Nikanori alikuwa hakimu, na kijana alikuwa amekua akisikiliza mashahidi. Waongo wote aliowajua walikuwa na jibu la kila swali.

Mama Tirza akavuta kikapu chake, akatoa chupa ndogo ya jiwe. Mdomo wa chupa ulikuwa bado umezibwa kwa nta.

"Marhamu haya tuliyanunua ya kumpaka maiti," akasema. "Ninayo mpaka leo."

Nikanori akaipokea kwa mikono miwili. Ilikuwa nzito, imejaa pomoni.